Kishikwambi kwa Mwanafunzi wa Kiswahili: Bei, Sifa na Gharama Iliyofichika

Utangulizi

Kwa miaka mingi mwanafunzi wa Kiswahili alitambulikana kwa vitabu vya kwapani na rundo la nakala alizozitoa fotokopi kando ya lango la chuo. Siku hizi sehemu kubwa ya mzigo huo imehamia katika faili za PDF: tasnifu, makala za majarida, riwaya zisizochapishwa tena na picha za miswada ya kale. Rununu huzibeba faili hizo vyema, lakini kuzisoma kwenye kiwambo kinachotoshana na kiganja ni adhabu kwa macho. Kwa sababu hiyo wanafunzi na wahadhiri wengi wameanza kutafuta kishikwambi, yaani tarakilishi bapa inayoshikwa mkononi na kuendeshwa kwa kuguswa kwa kidole.

Kifaa hiki si kigeni tena Afrika Mashariki. Sensa ya Kenya ya Agosti 2019 iliendeshwa kwa vishikwambi badala ya madodoso ya karatasi. Sensa ya Tanzania ya Agosti 2022 nayo ilifuata mkondo uo huo, ikalitia neno lenyewe vinywani mwa wengi. Hata hivyo, kukijua kifaa ni jambo moja na kujua kukichagua ni jambo jingine. Anayeingia katika maduka ya vifaa vya umeme ya barabara ya Luthuli jijini Nairobi hukutana na visanduku vingi vinavyofanana kwa sura na kutofautiana mno kwa bei.

Makala haya yananuia kufafanua namna ya kuvilinganisha vifaa hivyo kabla ya kutoa pesa. Hoja yake kuu ni kwamba bei iliyobandikwa kwenye kisanduku ni sehemu tu ya gharama, na kwamba ulinganishi wa haki huanzia kwenye kazi ya mnunuzi. Ikumbukwe kwamba mwanafunzi wa uzamili hununua kifaa cha aina hii mara moja tu katika masomo yake. Kikizorota katikati ya utafiti, hasara haiishii mfukoni. Huingia hadi kwenye tasnifu.

Mafunzo matatu kutokana na historia

Kabla ya kuvijadili vishikwambi vya leo, ni vyema kuangalia yaliyowapata walionunua mapema.

Funzo la kwanza linatokana na kampuni ya Apple. Mnamo Aprili 2010 iPad ya kwanza ilianza kuuzwa Marekani kwa dola 499. Mwezi Machi 2011, iPad 2 ilitolewa kwa bei iyo hiyo na ikiwa na kiwambo cha ukubwa uo huo wa inchi 9.7. Mtu aliyeangalia bei na kiwambo pekee angedhani tofauti ni ndogo. Lakini ya kwanza ilikuwa na kumbukumbu ya kazi ya megabaiti 256, na ya pili ilikuwa na megabaiti 512. Mfumo endeshi mpya ulipotoka Septemba 2012, iPad ya kwanza iliachwa nje. iPad 2 iliendelea kupokea matoleo mapya ya mfumo hadi ilipoachwa mwaka 2016. Kwa hivyo, kwa bei moja, mnunuzi mmoja alipata takriban miaka miwili na nusu, na mwenzake aliyesubiri miezi kumi na mmoja akapata zaidi ya mitano.

Funzo la pili ni la kishikwambi cha TouchPad cha kampuni ya HP. Kilianza kuuzwa Marekani tarehe 1 Julai 2011 kwa takriban dola 500, kikitumia mfumo wake wenyewe ulioitwa webOS. Tarehe 18 Agosti mwaka huo huo kampuni ilitangaza kuachana nacho, na bei ikashushwa hadi karibu dola 100. Umma ulikigombania. Mbio za sakafuni, wahenga walinena, huishia ukingoni. Kifaa chenyewe hakikuwa kibovu, ila mfumo wake ulikuwa na vitumizi vichache tangu mwanzo, na baada ya tangazo lile waundaji wa vitumizi hawakuwa na sababu ya kuendelea kuuhudumia. Waliolipa bei kamili mwezi Julai walibaki na kifaa kizuri kisichokuwa na kesho.

Funzo la tatu lilitolewa na Uhindi. Mnamo Oktoba 2011 serikali ya nchi hiyo ilizindua Aakash, kishikwambi kilichokusudiwa wanafunzi, kwa bei ya ruzuku ya takriban dola 35. Nia ilikuwa njema kupindukia. Kilikuwa na kiwambo cha inchi 7 kilichotaka kubonyezwa kwa nguvu badala ya kuguswa tu, pamoja na kumbukumbu ya kazi ya megabaiti 256. Malalamiko kuhusu kasi na betri hayakukawia, na toleo la pili la Novemba 2012 lililazimika kubadilisha kiwambo na kuongeza kumbukumbu. Rahisi, kama isemwavyo, yavunja upishi.

Mafunzo haya yanazaa maswali matatu ambayo mnunuzi hana budi kuyauliza. Je, kifaa kina kumbukumbu ya kutosha kazi ya miaka ijayo? Je, mfumo wake una watu wanaouhudumia? Na je, kinaweza kufanya ile kazi moja kinachonunuliwa kwa ajili yake?

Vishikwambi vinne mbele ya mnunuzi

Ili mjadala usielee hewani, makala haya yanachukua mifano minne. Bei zinazotajwa ni zile za Marekani wakati kila kifaa kilipotolewa, kabla ya kodi. Bei za Nairobi hupanda na kushuka pamoja na thamani ya shilingi, na huongezewa ushuru na faida ya muuzaji.

Cha kwanza ni iPad ya Machi 2025, yenye kiwambo cha takriban inchi 11 na hifadhi ya gigabaiti 128, iliyotolewa kwa dola 349. Cha pili ni Samsung Galaxy Tab A9+ ya Oktoba 2023, yenye kiwambo cha inchi 11, iliyoanzia takriban dola 220 kwa kumbukumbu ya kazi ya gigabaiti 4 na hifadhi ya gigabaiti 64. Cha tatu ni Samsung Galaxy Tab S6 Lite, yenye kiwambo cha inchi 10.4 na kalamu yake ndani ya kisanduku, iliyotolewa mwaka 2020 kwa takriban dola 350 na kuhuishwa mwaka 2022 na 2024. Cha nne ni Amazon Fire HD 10 ya mwaka 2023, yenye kiwambo cha inchi 10.1 na kumbukumbu ya kazi ya gigabaiti 3, iliyoanzia takriban dola 140.

Kwa mtazamo wa haraka, Fire ndiyo nafuu na iPad na S6 Lite ndizo ghali. Mpangilio huo hubadilika kila kigezo kimoja kinapochunguzwa.

Kigezo cha kiwambo: ukurasa unaonekanaje?

Matangazo hutaja kiwambo kwa inchi za mshazari, yaani kutoka pembe moja hadi pembe ya pili iliyo mkabala nayo. Kipimo hicho hakimsaidii sana msomaji. Kinachomfaa msomaji ni upana wa kiwambo kikiwa kimesimamishwa wima kama kitabu, kwa kuwa huo ndio unaoamua ukubwa wa herufi.

Ukurasa wa kawaida wa A4 una upana wa milimita 210. Kiwambo cha iPad iliyotajwa kina upana wa takriban milimita 157, ilhali kile cha Tab A9+ kina takriban milimita 148. Viwili hivi huitwa vya inchi 11, lakini kile cha Samsung kimerefushwa kwa ajili ya kutazama filamu. Tab S6 Lite na Fire HD 10 zinakaribiana, kila moja ikiwa na takriban milimita 136. Maana yake ni kwamba tasnifu iliyochapwa kwa herufi za ukubwa wa 12 itaonekana kwenye iPad kana kwamba ni za 9, kwenye Tab A9+ kana kwamba ni za 8.5, na kwenye hizo mbili nyingine karibu 8. Zote zinasomeka. Kwenye kiwambo cha inchi 7 kama kile cha Aakash, herufi zizo hizo zingekuwa kama za 5, yaani ndogo kuliko tanbihi za vitabu vingi.

Aidha, kuna suala la uangavu wa maandishi. Kiwambo huundwa kwa nukta ndogondogo ziitwazo pikseli. Kadiri zinavyosongamana ndivyo herufi zinavyokuwa kali. iPad hiyo ina pikseli 264 kwa kila inchi, Tab S6 Lite na Fire zina takriban 224, na Tab A9+ ina takriban 206. Kwa msomaji wa riwaya iliyochapwa, tofauti hiyo si kubwa. Kwa mtafiti wa tendi za kale, ni kubwa. Miswada ya Kiswahili iliyoandikwa kwa hati ya Kiarabu, kama ile iliyohifadhiwa SOAS jijini London na katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, husomwa kwa nukta: be ina nukta moja chini, te ina mbili juu, the ina tatu juu. Picha ya mswada uliofifia ikionyeshwa kwa pikseli chache, mtafiti hulazimika kuikuza kila neno, na ubeti mzima humtoka machoni.

Kigezo cha kumbukumbu na hifadhi

Istilahi hizi mbili huchanganywa mara nyingi, na wauzaji wengine hawana haraka ya kuzitenganisha. Kumbukumbu ya kazi ni kama meza ya kusomea: kadiri ilivyo pana ndivyo vitabu vingi vinavyoweza kufunguliwa kwa pamoja. Hifadhi ni kama kabati. Kabati kubwa haliwezi kamwe kuongeza upana wa meza.

Mwanafunzi wa fasihi huhitaji meza pana kuliko kabati kubwa. Tuseme kitabu kimoja kilichopigwa picha kina megabaiti 50. Gigabaiti 64 za hifadhi, hata nusu yake ikichukuliwa na mfumo na vitumizi, zingebeba zaidi ya vitabu 600 vya aina hiyo. Kuna wanafunzi wachache mno wanaohitaji zaidi. Isitoshe, Tab A9+, Tab S6 Lite na Fire hupokea kadi ya ziada ya kumbukumbu, kwa hivyo kabati laweza kupanuliwa baadaye kwa gharama ndogo. iPad haina nafasi ya kadi, na mnunuzi wake hana budi kuamua siku ya kwanza.

Meza, kwa upande wake, haipanuliwi na yeyote. Ndiyo maana anayechagua Tab A9+ angefaidika zaidi kwa kuongeza pesa apate toleo la gigabaiti 8 za kumbukumbu ya kazi badala ya 4. Yaliyoikuta iPad ya kwanza ni ushahidi tosha.

Kigezo cha mfumo na umri wa kifaa

Umri wa kishikwambi huanza kuhesabiwa siku kampuni ilipokitoa, si siku mnunuzi alipokifungua. Jambo hili husahaulika sana. Jina Galaxy Tab S6 Lite limebandikwa kwenye vifaa vya miaka mitatu tofauti. Kile cha mwaka 2020 kilianza na Android 10 na kikakomea Android 13. Anayekiuziwa leo kama kipya ananunua kifaa ambacho safari yake imekwisha, hata kama bado kimefungwa karatasi ya kiwandani. Kipya kinyemi ingawa kidonda, lakini hapa upya wenyewe ni wa kisanduku tu. Kwa hivyo, mnunuzi aulize mwaka wa toleo na namba ya modeli, asitosheke na jina.

Fire HD 10 inaleta suala jingine. Hutumia mfumo wa Amazon uliojengwa juu ya Android, lakini haiji na duka la vitumizi la Google. Anayehitaji vitumizi vya darasa la mtandaoni au vya maktaba ya chuo huenda asivipate kwa njia ya kawaida. Aidha, kwa bei yake ya chini kabisa, matangazo ya biashara huonekana kwenye kiwambo kabla hakijafunguliwa, na asiyeyataka hulipa zaidi. Kwa anayetaka kusoma tu, si kifaa kibaya. Kwa anayetaka kifaa cha masomo yote, unafuu wake una mipaka.

Gharama ya vifaa vya ziada

Ukipenda boga, wahenga wanasema, penda na ua lake. Kishikwambi nacho kina maua yake, na si ya bure. Kibodi ambayo Apple huitengenezea iPad hiyo ilitolewa kwa dola 249, na kalamu yake ya bei ya chini kwa dola 79. Vikijumlishwa na dola 349 za kifaa, jumla ni dola 677, karibu maradufu ya bei ya kisanduku. Kwa bahati nzuri, kibodi za kawaida zisizotumia waya hufanya kazi na vifaa vyote vinne kwa gharama ndogo zaidi.

Kwa upande wa kalamu, Tab S6 Lite inaibuka nafuu kuliko ilivyodhaniwa mwanzoni. Dola zake 350 zinajumuisha kalamu, ilhali iPad na kalamu yake ni dola 428. Tab A9+ haikubali kalamu ya aina hiyo ya Samsung. Mhadhiri anayesahihisha rasimu za tasnifu kwa kuandika pembezoni, au mwanafunzi anayechambua shairi kwa kupigia mistari vina na mizani, ataona kwamba kigezo hiki kimoja kinatosha kubadilisha uamuzi wake.

Kuna pia gharama ya programu. Microsoft ilipoweka masharti ya Word kwenye vishikwambi, iliruhusu kuhariri bila malipo kwenye viwambo visivyozidi inchi 10.1, na vikubwa zaidi vikatakiwa kulipiwa ada. Anayenunua kiwambo cha inchi 11 aulize kwanza kama chuo chake hutoa akaunti hiyo, au awe tayari kutumia programu za bure kama Google Docs. Hali kadhalika, matoleo yanayopokea laini ya simu huwa ghali kuliko yale ya Wi-Fi pekee. Kwa iPad tofauti ilikuwa dola 150. Mwenye rununu inayoweza kugawa intaneti hana haja ya kuibeba gharama hiyo.

Bei kwa mwaka na bei ya mkopo

Njia nyepesi ya kuleta haki katika ulinganishi ni kuigawanya gharama kwa miaka ya matumizi. Kishikwambi cha dola 140 kikidumu miaka miwili, gharama yake ni dola 70 kwa mwaka. Cha dola 350 kikidumu miaka mitano, gharama ni dola 70 vilevile. Aliyenunua cha pili hakutumia zaidi. Alilipa mapema tu.

Tatizo ni kwamba kulipa mapema kunahitaji pesa mkononi, na wengi hawanazo. Ndipo ununuzi wa kulipa kidogo kidogo unapovutia. Tuseme kifaa cha shilingi 30,000 kinatolewa kwa amana ya shilingi 6,000 na malipo ya shilingi 100 kila siku kwa mwaka mzima. Malipo ya kila siku pekee yatafika shilingi 36,500, na jumla itakuwa shilingi 42,500. Shilingi mia haionekani kuwa nyingi asubuhi yoyote ile, lakini mwishoni mwa mwaka imemgharimu mnunuzi shilingi 12,500 zaidi. Kukopa arusi, kulipa matanga. Mpango wa aina hii si haramu, ila mnunuzi aufanyie hesabu kwa jumla kabla ya kutia sahihi.

Majaribio ya dukani

Mnunuzi aende dukani akiwa na faili zake mwenyewe. Afungue tasnifu nzito ya PDF na kuipitia kurasa hamsini kwa haraka, aone kama kifaa kinasita. Akisimamishe kifaa wima na kusoma ukurasa mzima bila kuukuza. Aandike aya moja ya Kiswahili na kuangalia kama programu ya kusahihisha maneno inazimika, kwani isipozimika itageuza kila neno kuwa la Kiingereza. Afungue sehemu ya mipangilio na kusoma mwenyewe ukubwa wa kumbukumbu, mwaka wa mfumo na namba ya modeli. Hatimaye aulize dhamana inatolewa na nani, na kioo kikivunjika kitarekebishwa wapi.

Hitimisho

Kutokana na mjadala huu, hakuna kishikwambi kimoja kinachomfaa kila mtu. Mtafiti wa miswada ana sababu ya kuegemea iPad. Anayesahihisha na kuchambua kwa kalamu atafaidika na Tab S6 Lite, mradi awe na uhakika wa mwaka wa toleo. Msomaji wa kawaida mwenye bajeti ya wastani atatosheka na Tab A9+ yenye kumbukumbu kubwa. Fire itamfaa anayetaka kusoma tu.

Lakini kuna tahadhari moja inayozidi zote. Kuandika tasnifu yenye sura tano, tanbihi, majedwali na marejeleo bado ni kazi ya kipakatalishi. Mwanafunzi asiyekuwa nacho, na aliye na pesa za kifaa kimoja tu, angefanya vyema kununua kipakatalishi, hata kilichotumika, na kuendelea kusomea kwenye rununu au karatasi kwa muda. Kishikwambi ni msaidizi wa msomaji. Anayekinunua akijua hivyo hatajuta, na anayekiacha dukani kwa sababu iyo hiyo hajapoteza kitu.